Kigoda cha Moja-Sifuri

Katika miaka yote niliyomjua Mwalimu, sikuwahi kumwona ameketi mbele ya watu, isipokuwa msikitini, kwa sababu huko kila mtu huketi. Msibani alisimama kando ya turubai, mkono kwenye nguzo, mpaka dua iishe. Ukimkaribisha nyumbani alikunywa chai akiwa wima, akikagua paa lako kana kwamba anataka kulinunua. Wanawake wa mtaa wetu hapa Kindu walimcheka, wakasema yule alizaliwa bila magoti. Sisi tuliosoma kwake hatukucheka sana, kwa sababu kwenye somo lake kuketi kulikuwa na maana.

Niseme mapema kwamba nilimpenda. Hata mkate ninaokula leo umetoka kwenye chaki yake, maana nafundisha kompyuta katika shule moja ya hapa mjini, na nisingemjua yeye ningekuwa nauza chumvi. Lakini kila ninapomkumbuka uso unanichoma kwa haya, na haya hiyo sijui niigawanye vipi kati yake, mimi na mtaa mzima.

Zamani sana alifanya kazi kusini, katika ofisi ya kampuni ya migodi, kwenye chumba chenye kompyuta ya zamani zile, kubwa kuliko kabati la nguo. Huko alijifunza lugha moja ya kuiandikia mashine, lugha yenye alama zake yenyewe: mishale, viduara, vijiti vilivyolala na vilivyosimama. Mashine iliyoijua lugha hiyo haikuwapo Kindu, wala taipureta yenye alama hizo. Hilo halikumsumbua. Aliandika kwenye mlango. Ndiyo, mlango: vita vilipoanza na shule kufungwa, aliung'oa mlango wa stoo yake, akauegemeza ukutani uani, akaupaka rangi nyeusi. Stoo ikabaki na pazia, na mkewe hakuacha kulalamika kuhusu panya.

"Luga zingine," alituambia siku ya kwanza, "zinakamata namba moja, zinaiacha, zinakamata ingine. Hii inakamata safu muzima mara moja. Hakuna mutu wa mbele, hakuna mutu wa nyuma."

Kisha akatuambia kwamba hata kule kusini hakuielewa kwenye vitabu. Aliielewa Ijumaa moja aliporudi likizo Kindu, akiwa amechelewa msikitini, akasimama mlangoni akaona safu zote zinainama kwa mara moja. Hakuna aliyemngoja jirani yake, hakuna aliyehesabiwa wa kwanza. Akasahau kuvua viatu. Mzee mmoja akamgombeza mbele ya watu, na yeye alikuwa akitabasamu tu.

Kwa kuwa hakuwa na mashine, mashine ilikuwa sisi. Tulikuwa wanafunzi wanne wa sekondari, watoto wa majirani, na alitupangia vigoda vinne mbele ya ule mlango. Alichukua sentensi mbili. Za kwanza nazikumbuka: mvua inanyesha, paa la Mwalimu linavuja. Kila sentensi ni kweli au si kweli, moja au sifuri, kwa hiyo kuna dunia nne tu zinazowezekana, na kila kigoda kilikuwa dunia moja. Kigoda cha kwanza, sifuri-sifuri: hakuna mvua, paa halivuji. Cha pili, sifuri-moja: hakuna mvua lakini paa linavuja, labda mtoto amerusha ndoo ya maji, alisema, dunia ni kubwa. Cha tatu, moja-sifuri: mvua inanyesha na paa ni zima. Cha nne, moja-moja, na hapo mkewe aliitikia kutoka jikoni kwamba dunia hiyo anaijua vizuri.

Mimi nilikaa kigoda cha tatu.

Mwalimu aliandika sentensi kubwa iliyounganisha zile mbili, akainua rula. Kila mmoja alipiga hesabu ya dunia yake peke yake, bila kumtazama mwenzake. Rula ikigonga mlango, ambaye sentensi ni kweli kwake anasimama, ambaye si kweli kwake anabaki ameketi. Kwa pamoja. Ukisimama nusu sekunde baada ya wenzako, alikuambia umeazima jibu. Halafu aliiandika safu yetu kwa chaki, moja moja sifuri moja, na kuiita jibu. Zile sentensi zilizotusimamisha wote wanne alizipenda kuliko zote. Aliitazama safu yetu yote, kisha akasema, "Hii iko kweli kila pahali. Hata Kampene, hata Lokandu."

"Ikiwa" na "basi" aliziandika kwa alama moja tu, ile ya ndogo-au-sawa. Ikiwa mvua inanyesha, basi paa linavuja: namba ya kushoto isizidi ya kulia. Ahadi ya namna hiyo inavunjika katika hali moja tu, pale la kwanza likiwa kweli na la pili likiwa uongo. Hali hiyo ilikuwa kigoda changu. Kila alipoandika "ikiwa" wenzangu watatu walisimama nami nikabaki chini, nikitazama viuno vyao, na wao walinicheka. Walinibandika jina la Zaina-wa-Chini.

Siku moja nililia. Mwalimu aliweka rula chini, akaja mbele yangu.

"Unaona haya ya nini?"

"Zero, Mwalimu. Kila siku miye njo zero."

"Zero haiko matusi," alisema. "Kule masomo walikufundisha kama zero ni ya kuficha baba asiione. Hapa zero iko jibu, sawa na moja. Bila weye ile sentensi haiwezi kujua mwisho yake."

Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama, naye akacheka, akasema basi angalau mtu mmoja anaipenda sifuri.

Lakini yeye mwenyewe hakuipenda. Hilo tulikuja kuliona polepole. Mwenzetu wa kigoda cha nne alimwonyesha siku moja kwamba alama fulani imegeuka, mshale unatazama upande usio wake. Mwalimu aliutazama mlango. Masikio yake yalibadilika rangi. Akaufuta mlango mzima kwa mkono wa kanzu, akasema mwanga ni mbaya, tuondoke, ingawa jua lilikuwa utosini. Kesho yake aliandika ile alama sawasawa na hakusema neno. Tulipomuuliza mkewe kama mumewe huwa anakiri kosa, alifunika mdomo kwa kitenge.

"Ule? Tangu aniowe hajakosa hata siku moja. Mumuulize yeye mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa. Alitufundisha kubaki chini bila haya, na yeye hakuweza kuketi hata kunywa chai.

Sasa nifike kwenye lile linalonichoma uso.

Wakati ule mji ulikuwa umezungukwa. Wenye bunduki wa aina moja walikuwa mjini, wa aina nyingine walikuwa porini, na mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto Lualaba, nyuma ya Alunguli. Watu walikula walichokuta. Mama yangu, aliyekuwa na shamba la muhogo huko, alikuwa amekonda mpaka bangili zake zilimtoka mkononi zenyewe. Swali la mtaa mzima lilikuwa moja, kama njia ya mashamba ni salama. Na kwa kuwa Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu za kweli na uongo, wanawake wa soko walianza kumjia uani kumletea habari walizosikia, naye alizipanga kwenye mlango. Alilipenda jambo hilo. Nilimwona akivaa kanzu safi alasiri, wakati wao wa kuja.

Alasiri moja walikuja na habari njema. Wanawake wa ng'ambo walikuwa wameonekana sokoni, wameleta sombe, majani mabichi ya muhogo, mafungu kwa mafungu. Na wote waliokuwapo, mama yangu miongoni mwao, walisema kitu kimoja: ikiwa wanawake wa ng'ambo wameleta sombe, basi njia ni salama, kwani nani angepita na sombe kichwani kwenye njia mbaya?

Mwalimu aliandika sentensi mbili. Sombe imefika. Njia iko salama. Katikati akaweka ile alama ya ndogo-au-sawa. Rula ikagonga. Wenzangu walisimama, mimi nikabaki chini.

"Wote munakubali hii sentensi iko kweli?" aliwauliza wanawake.

"Iko kweli, Mwalimu."

"Basi dunia kwenye sentensi iko uongo haiko dunia yetu." Akanigeukia. "Zaina, toka kwenye safu."

Alikuwa hajamtoa mtu kwenye safu hata mara moja. Niliinuka nikaenda kusimama kwenye ukuta wa jikoni. Kisha akasema sombe tumeiona kwa macho, kwa hiyo kigoda cha kwanza na cha pili navyo si vyetu, wakatoka. Akabaki mwenzetu wa kigoda cha nne, moja-moja, peke yake, amesimama.

"Njia iko salama," alisema Mwalimu, na akapangusa mikono.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Mpaka leo nikiipitia siioni alama iliyogeuka. Kilichokuwa na kosa ni ile sentensi tuliyoikubali wote kwa sababu tulikuwa na njaa. Mimi nikiwa pale ukutani nilihisi aibu ya kutolewa tu. Sikuhisi hatari yoyote. Mama alinitazama, akanicheka kwa macho, akakaza kitenge chake kiunoni. Wanawake wengine walisema watangoja kwanza waone. Yeye alivuka kesho yake asubuhi na kikapu kitupu.

Wale wanawake wa sombe walikuwa wametumwa. Watu wa porini walihitaji sabuni na chumvi, wakawaachia wavuke wauze, na watoto wao wakashikwa kule nyuma mpaka warudi. Sombe ilikuwa imefika, na njia haikuwa salama. Moja-sifuri.

Mama alirudi mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, baada ya kukamatwa na watu wa porini na kubebeshwa mizigo yao. Mgongo wake haukunyooka tena. Mtaa wote ulikuja kumpa pole, kama ilivyo desturi, wakajaza ua, wakakaa, wakalia naye. Mwalimu hakuja. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu.

Kisha maneno yakaanza. Nani alimwambia avuke? Mbona wenzake hawakuvuka? Waliosema hivyo sana walikuwa ni wale wale waliokuwapo uani alasiri ile. Walisema alifuata biashara ya watu wa porini. Baadaye walisema alifuata mwanamume. Jina la mke wa porini likamkaa. Niliwaambia nilichoona, na waliniitikia kwa upole kwamba ni kawaida mtoto kumtetea mama yake. Wenzangu wa vigoda walikuwa wameshatawanyika, mmoja Kibombo, wengine mbali zaidi.

Mama hakutaka ugomvi.

"Miye sitaki kitu yake," alisema. "Sitaki mbuzi, sitaki feza. Akuje hapa mbele ya batu, aseme ni yeye njo alisema njia iko salama. Aseme hivyo tu, na miye nitapita sokoni kichwa juu."

Alilisema hilo amani ilipokuja, na akaendelea kulisema nilipomaliza shule, nilipoolewa, na nilipoanza kazi. Kila mfungo wa Ramadhani ulipokwisha tulikuta mfuko wa mchele mlangoni, bila neno. Mama aliujua ulikotoka. Aliupika.

"Muchele haina kosa," alisema.

Na Mwalimu? Mama alipopita mbele ya nyumba yake aliingia ndani. Nimemwona kwa macho yangu mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, mtu niliyetaka kuwa kama yeye, akiacha mkutano wa wazee na kujificha nyuma ya pazia la stoo kwa sababu mwanamke mwenye kibiongo anakuja na ndoo ya maji. Nilitazama pembeni ili asijue nimemwona. Niliona haya kwa ajili yake, na haya hiyo ilikuwa nzito kuliko hasira. Hasira ningeipeleka kwake. Haya ilinizuia hata kubisha hodi. Niliendelea kumsalimu barabarani, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia na kuniuliza habari za wanafunzi wangu, na sote wawili hatukumtaja mama.

Wanafunzi wangu nao nawapanga kwenye viti vinne. Sikuvumbua njia nyingine iliyo bora. Nikirudi nyumbani mama ananiuliza nimefundisha nini leo, nami nasema kompyuta.

Juzijuzi, mvua za mwanzo zilipokuwa zikianza, nilipata ile lugha yake. Siku hizi inapatikana bure, unaishusha kwa simu na kuihamishia kwenye kompyuta ndogo. Alama zote zilikuwamo, mishale na viduara. Nikaibeba kompyuta nikaenda kwake. Sijui kama niliipeleka kama zawadi au kama shahidi. Nikijibu moja nitakuwa nadanganya nusu.

Alikuwa kibarazani, amesimama, mkono kwenye fimbo. Macho yameanza kufifia, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Nilimwandikia safu ya kwanza, 0 0 1 1. Safu ya pili, 0 1 0 1. Kisha nikaweka katikati ile alama ya ndogo-au-sawa, na jibu likatokea kabla sijainua kidole.

1 1 0 1

Alipitisha kucha juu ya kioo, polepole, moja, moja, akafika kwenye sifuri, akasimama hapo.

"Ee. Inajibu bila haya," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na haikukutoa kwenye safu."

Kioo kilizima chenyewe kwa kungoja, na hakuondoa kidole.

"Mama yako anaamukaje?"

Hakuwahi kuniuliza hilo.

"Anaamka," nilisema. "Anakungoja."

Nilifunga kompyuta nikaondoka haraka, nisimwone usoni.

Alikuja Jumapili, alasiri. Ua wetu ulikuwa na watu: mama alikuwa akipeta mchele wa harusi ya jirani, na wanawake wa mtaa walikuwa wamekuja kumsaidia, wengine wakiwa ni wale wa soko wa alasiri ile, sasa wamezeeka. Mwalimu aliingia kwa fimbo yake, kanzu safi, akasimama katikati ya ua.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Hakuinuka, mgongo haumruhusu. Alimtazama kutoka chini.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Pole na mwendo. Ikala chini."

Nilitamani ardhi inimeze. Pole ile ilikuwa ya mama, alikuwa ameingoja miaka yote, na sasa yeye ndiye aliyeitoa.

Mwalimu alinitafuta kwa macho. "Zaina. Leta vigoda vine."

Nilivileta, nikavipanga kwa safu bila kuambiwa. Akapita cha kwanza. Akapita cha pili. Kwenye cha tatu akakabidhi fimbo yake kwangu, akashika bega langu, na akashuka. Magoti yalilia. Akaketi mbele ya wanawake wote, chini, usawa na mama.

"Hii kigoda niliitoa," alisema. Wanawake hawakuelewa, akatikisa kichwa, akaanza upya kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. "Mama Zaina hakufuata biashara. Hakufuata mwanaume. Ni miye nilisema njia iko salama. Nilikosa. Alikwenda juu ya neno yangu."

Mmoja wa wale wa soko, mkubwa wao, akasema bila kuinua uso, "Tulikuwa tunajua, Mwalimu. Na siye tulikuwa pale."

Aliyekuwa karibu nami aliokota chuya moja ardhini, akaizungusha vidoleni.

Mama alikuwa ameacha kupeta. Alimtazama Mwalimu, akawatazama wanawake, kisha tena Mwalimu, kama mtu anayengoja sehemu iliyobaki.

"Njo ile tu?" aliuliza.

"Njo ile tu, mama."

"Neno fupi hivi?"

Mwalimu alibaki kwenye kigoda changu, mikono magotini, nami nikashika fimbo yake nisijue niiweke wapi. Sote tuliokuwa pale tulitazama chini. Mama peke yake aliinua ungo, akaendelea na mchele.